Filta za ND kwa wanaoshuti video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya ND, yaani kile kioo cheusi cha kuvalisha mbele ya lenzi ili kukata mwanga, huwa yanakuja yale yale, na mengi yanaanza na "ninunue ipi" wakati muulizaji hajajua anataka kukata mwanga kiasi gani. Kwahiyo hapa tunaanza na hesabu, dukani tutaenda baadaye. Na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawa kwa mbili tu, usiogope.

ND ni nini hasa, na kwanini nihangaike nayo wakati kamera ina shata, apecha na ISO?

ND nzuri inapunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi bila kugusa rangi. Basi. Haileti "muonekano wa sinema" kama matangazo yanavyodai, inachofanya ni kukuachia setingi zako pale unapozitaka hata jua likiwa kali.

Kwa wageni: shata ni muda ambao sensa (kile kipande kinachonasa picha) inapokea mwanga, apecha ni ukubwa wa tundu la lenzi na namba ndogo ni tundu kubwa, ISO ni kiasi kamera inavyoukuza huo mwanga. Mtu wa picha mnato akiwa juani anapandisha shata hadi 1/4000 na maisha yanaendelea. We wa video shata yako imeshafungwa kwenye 1/50, apecha unataka f/2.8 ili kule nyuma ya maharusi pafifie, ISO umeshaishusha mpaka mwisho, na bado gauni la bibi harusi linaungua, yaani ni jeupe tupu hakuna hata mstari wa lesi unaoonekana. Hapo huna pengine pa kushika, inabidi mwanga upunguzwe kabla haujaingia kwenye lenzi.

Wengine wanasema "si nifunge tu apecha hadi f/22". Fanya, alafu angalia klipu kwenye skrini kubwa: picha imelainika kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika, na kila vumbi lililoko kwenye sensa linajitokeza angani kama doa. Bado na ule uzuri wa lenzi ya f/1.8 uliyoilipia hela nyingi umeutupa.

Lazima shata iwe 1/50? Nani kasema?

Utaratibu ni kwamba shata iwe mara mbili ya fremu zako, yaani zile picha moja moja zinazopigwa kwa sekunde. Ukishuti fremu 25 kwa sekunde shata ni 1/50, fremu 50 shata 1/100, fremu 60 shata 1/120 au 1/125. Utaratibu huu umetoka kwenye kamera za filamu zenye shata ya kuzunguka, iliyokuwa wazi nusu duara, nyuzi 180. Macho ya watu yamezoea ule ukungu mdogo wa kitu kinachotembea. Ukipandisha shata mpaka 1/2000 kila fremu inakuwa kali kama picha mnato, alafu zikichezwa pamoja mikono ya mpiga ngoma inarukaruka na mtu anayetembea anaonekana kama anatetemeka.

Ila sio amri ya Mungu. Mtu kakaa kwenye kiti anaongea na kamera ipo kwenye stendi, ukiweka 1/200 hakuna atakayegundua. Na kuna sehemu shata ya juu inasaidia kabisa: kama unategemea kutuliza picha kwenye kompyuta baada ya kushuti bila gimbali (kile kifaa cha mkononi cha kutuliza kamera), ule ukungu wa 1/50 unabaki kwenye picha hata baada ya mtikisiko kuondolewa, inaonekana kitu cha ajabu, kwahiyo wengi hapo wanapanda 1/200 na kwenda juu. Mi nasema hivi, kama kuna watu wanacheza, wanatembea, au kamera yenyewe inatembea, fuata 1/50. Kwengine tumia akili.

Kitu cha pembeni ila muhimu: umeme wa Tanzania na Kenya ni wa 50Hz, kwahiyo fremu 25 na shata 1/50 au 1/100 inakuepusha na taa za ukumbini kumetameta kwenye video. Wale wanaofuata mafunzo ya Wamarekani wakaweka fremu 30 na shata 1/60, kule umeme wao ni 60Hz, ndo maana kwao inakubali.

ND8, ND 0.9, stopu 3... mbona kila kiboksi kina namba zake?

Ni kitu kimoja kimeandikwa kwa njia tatu. Stopu moja ni kupunguza mwanga nusu. ND8 maana yake mwanga umegawanywa kwa 8, yaani nusu ya nusu ya nusu, ambayo ni stopu 3. Ile 0.9 ni kipimo cha kimaabara ambapo kila 0.3 ni stopu moja.

Kwahiyo ND2 ni 0.3 ni stopu 1. ND4 ni 0.6 ni stopu 2. ND8 stopu 3, ND16 stopu 4, ND32 stopu 5, ND64 ambayo ni 1.8 ni stopu 6, ND128 stopu 7, ND256 stopu 8, ND500 (wengine wanaandika 512) stopu 9, na ND1000 au 3.0 ni stopu 10. Kuwa makini na filta iliyoandikwa "ND 3" kavu bila maelezo, uliza kama ni stopu 3 au ni 3.0, kwa sababu moja inakata mara 8 na nyingine mara 1000.

Sasa ninunue namba gani?

Hapa ndo penyewe. Kuna kanuni ya tangu enzi za filamu: jua likiwa wazi, weka apecha f/16 na shata iwe moja gawanya kwa ISO yako. ISO 100, shata 1/100, f/16, picha inakaa sawa. Video unataka 1/50, mwanga unaingia mara mbili, kwahiyo apecha inasogea hadi f/22. Huo ndo msingi, ukariri: jua kali, ISO 100, shata 1/50, f/22.

Sasa unataka f/2.8. Hesabu hatua kutoka f/22: 16, 11, 8, 5.6, 4, 2.8. Hatua sita. Stopu 6, ND64. Ukitaka f/4 ni ND32, ukitaka f/2 ni ND128. Ukiwa ufukweni mchanga mweupe, Nungwi au Diani saa sita mchana, ongeza stopu moja maana mchanga na maji vinarudisha mwanga. Mawingu mepesi toa stopu moja, chini ya kivuli cha mwembe au mawingu mazito toa tatu, kwahiyo ile ND64 yako ya juani inakuwa ND8 ukihamia kivulini.

Unaona basi kwamba mtu akikuuliza "ND ipi nzuri" hawezi kupata jibu moja, maana kutoka kivulini hadi ufukweni kuna tofauti ya stopu 4, na harusi moja inaweza kukupitisha kote huko kabla ya chakula. Ila kama unashuti kawaida bila logi (ile setingi ya rangi zilizofifia za kurekebisha baadaye kwenye kuediti) na ISO yako inashuka hadi 100, filta ya kuzungusha (variabo) ya stopu 2 hadi 5 inakubeba sehemu kubwa ya siku, juani unafunga apecha hadi f/4 na unaendelea.

Nina variabo ya stopu 2 hadi 5 lakini nikishuti S-Log (logi ya Sony) juani bado inaungua. Nimepigwa?

Hapana mkuu, filta yako inaweza ikawa nzima kabisa. Ukiwasha logi kamera nyingi zinagoma kushuka ISO. Kuna zinazoanzia 400, 640, nyingi zinacheza kwenye 800. Kutoka ISO 100 hadi 800 ni stopu 3 zimeongezeka bila we kuomba. Rudi kwenye hesabu: juani kwa f/2.8 ulihitaji stopu 6, sasa unahitaji 9, na filta yako mwisho 5. Zimebaki 4 juu ya meza, lazima iungue.

Bila filta kabisa hapo shata ingetakiwa ifike 1/25600, kamera nyingi zinaishia 1/8000. Yaani hata ukiamua kuvunja utaratibu wa 1/50 bado huchomoki bila kufunga apecha.

Ndo maana kuna variabo za stopu 6 hadi 9. Wanaoshuti logi nje kila siku wanahitaji hiyo kwanza, ile ya 2 hadi 5 inakuwa ya jioni na kivulini. Watu wengi wananunua kinyume kwa sababu ile ya 2 hadi 5 ndo imejaa madukani. Kama bajeti ni ya filta moja tu na unashuti logi, chaguo lingine ni kuzima logi ukiwa juani. Prufaili ya kawaida iliyopimwa vizuri inashinda logi iliyoungua, hiyo usibishane nayo.

Variabo au ya namba moja?

Variabo, yaani ile ya kuzungusha, ni polaraiza mbili (vioo vinavyopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) zimefungwa kwenye ringi moja. Ukizungusha ya mbele zinazidi kupingana na mwanga unapungua. Raha yake unaijua: bibi harusi anatoka saluni kwenye kivuli, anaingia juani, anapanda gari, na we upo nyuma yake na gimbali, huna nafasi ya kusema "subirini nibadilishe filta". Unazungusha kidole umemaliza.

Ubaya wake ni kwamba polaraiza ni polaraiza, ina tabia zake (swali la X na la ngozi liko chini), na mbovu zinalainisha picha hasa ukitumia lenzi ndefu. Na haifiki sifuri. Hata ukiifungua mwisho inakula stopu moja na zaidi, kwahiyo ukiingia ukumbini lazima uivue.

Ya namba moja ni kioo kimoja, haina tabia. Rangi inatulia, hakuna X, na kwa bei ile ile unapata kioo kizuri kuliko cha variabo. Inafaa mahojiano, matangazo, filamu fupi, popote ambapo kamera imesimama na mwanga haubadiliki kila dakika. Mi kwa shughuli za harusi na matukio naenda na variabo bila kujiuliza, kwa kazi za mpangilio naweka ND64 na ND8 za namba moja. Ukiweza kumiliki vyote poa, ukishindwa angalia kazi inayokulipa kodi ya nyumba ni ipi.

Ile X nyeusi katikati ya picha inatoka wapi?

Inatoka kwenye hizo polaraiza mbili kusukumwa karibu na mwisho wake. Mwanga unaoingia kwa pembeni haukatwi sawa na unaoingia katikati, kwahiyo yanatokea mabaka mawili meusi yamepishana. Lenzi pana ndo inaumia zaidi. Filta ile ile kwenye 50mm haina shida, ukiweka 16mm msalaba huo hapo.

Filta zinazoandikwa ND2-400 zinasifika sana kwa hili, maana zinaahidi stopu karibu 9 kwenye kioo kimoja na zile za mwishoni hazitumiki. Nzuri zina kizuizi, ukizungusha inagota kabla ya kufika huko. Ukiona ringi inazunguka raundi nzima bila kugota, jua kuna eneo usilotakiwa kulisogelea, weka alama kwa kalamu ya rangi.

Mbona sura ya mtu inabadilika nikizungusha filta?

Kwa sababu polaraiza inaondoa mng'ao. Kwenye maji ya bahari na kioo cha gari hilo unaweza ukalipenda. Kwenye uso inategemea. Ngozi nyeusi inachorwa na ule mng'ao wa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na pua, ukiuondoa wote uso unakuwa bapa na umepauka hata kama ekspoja, yaani kiasi cha mwanga kwenye picha, ni sahihi. Mtu wa mekapu kahangaika na hailaita asubuhi nzima, we umezungusha ringi umeifuta. Zungusha huku unaangalia shavu, sio histogramu (ile grafu ya mwanga kwenye skrini) tu, na ukiona uso umekufa rudisha kidogo alafu malizia mwanga kwa apecha.

Anga nayo inaweza kuwa na kiraka cha bluu iliyokolea upande mmoja, kwenye lenzi pana hasa. Na skrini za simu, laptopu au TV zinaweza kuonekana nyeusi tii kwenye video wakati kwa macho zinawaka, maana nyingi zinatoa mwanga uliopolaraizwa tayari. Mtu anarekodi bosi anaonyesha aplikesheni mpya, kufika kuediti simu imezima. Hapo tumia ND ya namba moja.

Buibui na suti nyeusi zinatoka kahawia. Waiti balansi (setingi ya kufanya nyeupe iwe nyeupe) nimeweka sawa. Tatizo?

Infraredi. ND ya kawaida inakata mwanga tunaouona, ule wa infraredi usioonekana inauachia upite. Ukiweka ND ya stopu 2 haijalishi sana. Ukiweka ya stopu 6 mpaka 10, mwanga wa kawaida umebaki kidogo sana alafu infraredi ipo ile ile, kwahiyo sasa inasikika. Vitambaa vyeusi vya sintetiki vinairudisha kwa wingi, ndo maana utakuta kina mama watatu wamesimama pamoja na mabuibui meusi, kwa macho yote sawa, kwenye video moja ni jeusi, lingine kahawia, la tatu linaelekea zambarau, kutegemea kitambaa. Kuirekebisha kwenye kuediti ni mateso, ukivuta wekundu kwenye kitambaa unavuta na kwenye ngozi.

Kamera zinatofautiana, kuna zenye kinga nzito ya infraredi mbele ya sensa, na kuna za sinema zenye kinga hafifu ambazo zinaonyesha mapema. Dawa ni ND iliyoandikwa IRND, inayokata vyote viwili. Kama unafanya kazi Mombasa, Lamu, Unguja au Muscat, ambako nusu ya wageni wamevaa nyeusi, hiyo hela ya ziada usiionee uchungu.

Saizi gani? Lenzi zangu kila moja ina mdomo wake.

Angalia mbele ya lenzi au nyuma ya kifuniko kuna alama ya duara limepigwa mstari na namba pembeni, hiyo ndo saizi kwa milimita. Canon EF 50mm f/1.8 STM ni 49, lenzi ya 18-55 ya Canon ni 58, Tamron 28-75 ni 67, Sigma 18-35 ni 72, zile 24-70 f/2.8 kubwa za Canon na Sony ni 82.

Usinunue filta kwa kila lenzi. Nunua moja ya lenzi kubwa uliyonayo, au unayotarajia kuwa nayo, alafu nunua ringi za kupandishia saizi ambazo bei yake ni ya chakula cha mchana. Filta ya 82 inakaa kwenye lenzi ya 49 kwa ringi. Kinyume chake hapana, ukibana filta ndogo kwenye lenzi kubwa pembe za picha zinakuwa nyeusi. Hasara ni hudi ya lenzi haitaingia tena, kwahiyo jua la mbele litakusumbua, ziba kwa mkono au kipande cha boksi.

Lenzi zenye kioo cha mbele kilichotuna hazina nyuzi za kufungia filta kabisa, hizo zinataka mfumo wake. Wenye kamera za Canon za RF (mfumo mpya wa kufungia lenzi) wanaotumia lenzi za EF (mfumo wa zamani) wana bahati, kuna adapta ya Canon yenye nafasi ya kuchomeka ND ndani, inafanya kazi na lenzi yoyote ya EF bila kujali mdomo.

Filta inanipa rangi ya kijani, nifanyeje?

Kama ni kidogo, weka waiti balansi kwa karatasi nyeupe au kadi ya kijivu filta ikiwa imeshavaliwa, kwenye ile ile stopu utakayoshutia. Usiache auto, itahama katikati ya klipu. Kama rangi inabadilika kadri unavyozungusha, hiyo filta ni kimeo, hakuna setingi itakayoikamata.

Na kama mnashuti kamera mbili, vaeni filta za aina moja. Mmoja na ya kwake mwingine na ya kwake, wa kuediti atalia. Kuhusu wale wanaoweka kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma: inafanya kazi, ila kila kitu kinakuwa kijani kibichi.

Brandi gani nzuri?

K&F Concept, Neewer, SmallRig, Hoya, Tiffen, NiSi, PolarPro, Freewell, zote zipo na zote zina watu wake. Ila jina la brandi halikutoshi, brandi moja inaweza kuwa na madaraja matatu, kiboksi kinafanana na kioo ndani ni tofauti. Cha kuangalia: kioo halisi sio plastiki, koti ya kuzuia mng'ao pande zote mbili, na kama ni variabo iwe na kizuizi cha mwisho. Filta ya bei chee kupindukia mbele ya lenzi ya milioni kadhaa ni kuifanya hiyo lenzi iwe ya bei chee pia.

Nikifika Kariakoo (Dar) au Luthuli (Nairobi) nitaijuaje nzuri bila kurudi nyumbani?

Nenda na kamera yako na lenzi mbili, pana na ndefu, muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka hapo hapo. Toka nje mlangoni, elekeza kwenye ukuta mweupe au wingu. Weka lenzi pana, zungusha taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, angalia pembe nne za skrini kama zinatiwa giza bila mpangilio. Kisha weka lenzi ndefu, vuta mwisho, fokasi kwenye maandishi ya bango la mbali, rekodi na filta na bila filta, kuza uangalie. Hapo ndo mbovu zinaumbuka, maandishi yanakuwa kama yamepakwa mafuta.

Alafu pima namba zake. Filta imeandikwa ND64, piga bila filta shata 1/3200, ivalishe na ushushe shata hadi 1/50, histogramu zikae karibu mahali pamoja. Ikitofautiana kidogo samehe. Mwisho zungusha ringi usikie, isiwe inakwaruza mchanga na isiwe laini kiasi cha kujizungusha yenyewe ukitembea.

Kamera zenye ND ndani zinanifaa zaidi?

Kama hela ipo, sana. Kamkoda nyingi za harusi na habari zina swichi ya 1/4, 1/16 na 1/64, yaani stopu 2, 4 na 6. Canon C70 ina za ndani mpaka stopu 10, Blackmagic Pocket 6K Pro ina stopu 2, 4 na 6. Sony FX6 ina ya kielektroniki inayoteleza kutoka 1/4 hadi 1/128 bila X wala mng'ao kupotea, unaweza kutoka ndani kwenda nje kwenye klipu moja na mtazamaji asijue. FX3 yenye jina la karibu haina ND ya ndani, usije ukachanganya ukiwa unanunua.

Droni je?

Droni nyingi ndogo apecha yake haibadiliki, kwahiyo ND ndo njia pekee. Kwenye f/2.8, ISO 100, jua kali, hesabu ni ile ile, ND64 kwa fremu 25, ND32 kwa fremu 50. Kitu cha mbali angani hakionyeshi ukungu sana, kwahiyo ukiruka juu sana ND16 inatosha. Ukiruka chini chini kufuata boti au gari hapo weka sahihi. Nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako, kamera ya droni imepimwa uzito na filta ya kubahatisha inaumiza mota. Na kibali cha kurusha shughulikia kwanza kwa mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania na KCAA kwa Kenya.

Nashutia simu, kuna faida?

Ipo kama unaifunga shata kwa aplikesheni, kwa mfano Blackmagic Camera ambayo ni ya bure. Ukitumia kamera ya kawaida ya simu inajiamulia yenyewe, unaweka ND na yenyewe inaweza kupandisha ISO, umepata chenga bure. Simu nyingi za sasa zinashusha ISO chini ya 100, kwahiyo kwenye f/1.8 juani zinakaa karibu na ND64. Angalia tu simu isiruke kwenda lenzi nyingine ambayo haijafunikwa, ifunge kwenye lenzi moja.

Nikishuti slo-mosheni nibadilishe filta?

Ndio. Fremu 100 kwa sekunde shata ni 1/200, hizo ni stopu 2 umeshapunguza kwa shata yenyewe. Ukiacha ND ile ile ya fremu 25 klipu inatoka na giza, alafu unapandisha ISO na chenga zinajaa. Wenye variabo wanazungusha tu.

Naweza kubandika mbili pamoja?

Za namba moja ndio, stopu zinajumlishwa: ND8 na ND64 ni stopu 9. Zisizidi mbili, pembe zitaingia giza na mng'ao wa ndani kwa ndani unaongezeka. Variabo na polaraiza ya kawaida usiweke, zitakuwa polaraiza tatu na rangi zitakuchanganya. Polaraiza peke yake ukiwa umekwama inakata kama stopu moja na nusu hadi mbili, bora kuliko kukosa.

Usiku niiache tu kama ulinzi wa lenzi?

Vua. Taa za ukumbini zinajirudia kwenye kioo cha filta na utaona madoti ya kijani yanaelea juu ya kichwa cha MC. Na huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza linakuja haraka, saa kumi na mbili jioni unahitaji stopu 4, nusu saa baadaye huhitaji kitu, kwahiyo hiyo filta iwe ya kuvuliwa kwa sekunde, sio ya kuhangaika nayo. Zile za sumaku zinasaidia hapo, ila kwenye gimbali inayotikisika hakikisha zimenasa, na ukiwa kwenye boti mi nisingeziamini.

Autofokasi inasumbua nikivaa ND.

Kama ekspoja iko sawa haitakiwi isumbue. Ikiwinda mbele na nyuma, filta ni nzito kuliko mwanga uliopo, punguza.

Naweza kuitumia kuangalia kupatwa kwa jua?

Hapana. ND ya kamera hata ya stopu 10 haikingi jicho, na usiweke jicho kwenye vyufainda (kitundu cha kuchungulia) ya kioo ya DSLR ukielekeza juani. Tumia skrini.

Imekwama kwenye lenzi, haifunguki.

Usikaze vidole, ukibana ringi inapinda na ndo inazidi kushika, na kwenye variabo unaishia kuzungusha ringi ya mbele tu. Funga raba bendi pana kuzunguka ringi ya nyuma, ile inayogusa lenzi, shika kwa kiganja bapa na uzungushe taratibu bila kubana. Ikigoma kuna koleo za plastiki za filta zinauzwa mbili mbili. Mara nyingi kilichoifunga ni chumvi au mchanga wa pwani, kwahiyo ukitoka baharini puliza kwanza, kisha kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu kidogo kwenye nyuzi na kwenye kioo. Usifute kwa tisheti, mchanga ulioko kwenye kioo utachora. Na siku nyingine ukiivaa, igote tu alafu rudisha nyuma kidogo sana.